Kigoda Kilichotoka Kaburini

Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha kuanguka sakafuni, na Marietha alikuwa bado ameshika ncha yake.

Ndugu msomaji, kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalimaliza, shika hili tu. Kitu alichokifunua Mwalimu Marietha mbele ya wakubwa wote wale, siku ya kufunguliwa kwa Jumba la Sanaa la Mkoa, kilikuwa kigoda cha baba yake, marehemu Jumbe Mughwai wa Ihanja. Na kigoda hicho Marietha alikiingiza kaburini kwa mikono yake mwenyewe, mwaka ule wa kwanza wa Uhuru.

Watu walipiga makofi. Hawakujua wanapigia makofi kitu gani, lakini jua lilikuwa kali na harufu ya pilau ilikuwa inaingia madirishani, kwa hiyo walipiga kwa nguvu ili mambo yaishe.

Marietha aliinama. Miguu mitatu. Mmoja ulivunjika zamani ukafungwa kwa waya wa shaba. Pembeni palikuwa na doa jeusi, na doa hilo alilitia yeye, alipokuwa mtoto akaangusha kijinga cha moto. Mama alimchapa siku ile. Baba alicheka, akampakata juu ya kigoda hicho hicho.

Chini yake palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KIGODA CHA KUKAMULIA MAZIWA. KABILA HALIJULIKANI.

"Ndugu Marietha," alinong'ona mtu nyuma yake, "sema maneno mawili ya shukrani, ushuke."

Alikuwa Bonaventura, Bwana Utamaduni wa mkoa, katika kaunda suti ya rangi ya ugoro, kalamu zimejipanga mfukoni kama askari wa gwaride. Huyu bwana alipelekwa Ulaya miezi michache kusomea mambo ya makumbusho. Aliporudi alipewa ghala la ngozi lililoachwa na Mhindi mmoja, akalipaka chokaa, akaliita Jumba la Sanaa. Chokaa ilikauka na harufu ya ngozi ikabaki. Humo alipanga vinyago vya Kimakonde vilivyonunuliwa Dar es Salaam, akaviandika "Wakulima wa Singida". Alitundika picha ya ng'ombe ambaye mchoraji alimpa miguu ya nyuma iliyopinda kama ya chura. Ngoma iliyopasuka aliigeuza upande wa ukutani ili mpasuko usionekane.

"Nishukuru nini?" aliuliza Marietha.

"Shukuru Chama na Serikali. Haraka."

Marietha alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokanyaga njiani. Kisha akageukia ukumbi, akasema kwa ile sauti anayowasemea wanafunzi wa darasa la saba:

"Huyu bwana amefukua kaburi la baba yangu."

Makofi yalikatika.

"Anasema nini huyu?" aliuliza mgeni rasmi. Huyu alikuwa Ndugu Fabiano, mkubwa aliyetoka Dodoma asubuhi ile, mtu mnene, mwenye njaa, na mwenye safari ndefu ya kurudi.

"Nasema hiki ni kigoda cha Jumbe Mughwai. Nilikizika naye. Mwaka jana tulipohamishiwa vijijini makaburi yetu yakabaki kwenye mahame bila mtu wa kuyaangalia, na huyu bwana akapata nafasi. Amemfukua mzee wa watu ili ajaze ghala lake la ngozi!"

"Uongo!" Bonaventura aliruka. "Mheshimiwa, uongo mtupu! Lori la Utamaduni lilipita kila kijiji. Wananchi walitoa vitu vyao vya asili kwa hiari!"

"Kigoda hiki alikitoa nani?"

"Mwananchi."

"Mwananchi gani?"

Bonaventura hakumjua. Ukweli ni kwamba lori lilipopita Ihanja yeye alikuwa amekaa mbele na dereva, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi, anatafuna karanga. Utingo ndiye aliyepokea vitu. Kwa Bonaventura, wananchi walikuwa mikono tu iliyonyanyuka kupitisha vyungu juu ya bodi la lori.

"Amesahau," Marietha aliuambia ukumbi. "Baba yake asingesahau. Baba yake alikijua kigoda hiki vizuri sana. Alikuwa mchunga mbuzi wetu. Jioni alikuwa akipiga magoti mbele yake, akieleza kwa nini fisi wamekula tena."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Halafu mwingine. Halafu benchi zima.

Hapo Marietha alikosea. Bonaventura angeweza kumeza neno la kaburi, maana mtu wa serikali huzoea kusingiziwa. Mbuzi hakuweza kuwameza. Alitoa leso, akafuta uso, na alipoiondoa leso uso ulikuwa umebadilika.

"Mheshimiwa," alisema taratibu, "naomba kaburi hilo lifunguliwe. Leo. Likikutwa limefukuliwa, mimi nifungwe. Likikutwa halijaguswa, afungwe huyu mwalimu, kwa kuikashifu Serikali hadharani na kumtukuza kibaraka wa wakoloni."

Ndugu Fabiano alitazama mlangoni. Pilau ilikuwa imekwisha kupakuliwa. Kwa njaa aliyokuwa nayo angeamuru hata mlima ufukuliwe.

"Sajini Mathayo!"

"Afande!"

"Chukua Landrova. Chukua majembe. Mkimaliza kula, nendeni. Nataka jibu kabla sijaondoka hapa."

Marietha alitabasamu. Msomaji, alitabasamu kweli. Tangu utoto hakuna kitu alichokipenda kama kumwona mtu mdogo akijichimbia shimo. Wanaume kadhaa walikuja kumposa, na Marietha alimtazama kila mmoja akamwona mdogo. Mmoja alikuwa mpimaji, mmoja karani wa ushirika, mmoja daktari msaidizi mwenye pikipiki. Aliwaambia mmoja baada ya mwingine kwamba binti wa Jumbe Mughwai haolewi na mtu ambaye babu yake hajulikani.

"Twende," alisema. "Mimi mwenyewe nitawaonyesha kaburi."

Ndipo alipomwona mama yake.

Bi Yustina alikuwa ameletwa pamoja na wazee wengine wa Ihanja ili kujaza mabenchi. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, kanga imefungwa kichwani, anamwita bintiye kwa kidole. Hakungoja kuona kama anafuatwa. Alisukuma mlango wa nyuma akaingia.

Kilikuwa chumba cha kutupia vitu ambavyo Bonaventura hakuvitaka: mitungi, vinu, nyungo zilizotoboka, mikuki iliyofungwa pamoja kama kuni.

"Mama, umeona walichofanya?"

"Mwambie Sajini umekosea," alisema Bi Yustina.

"Nimekosea nini?"

"Kigoda nilikitoa mimi. Nilimpa utingo."

Marietha alimkodolea macho. "Mama! Wewe ndiye uliyefukua kaburi?"

"Hakuna aliyefukua. Kigoda hakikuingia kaburini. Ulichokiingiza wewe ni kinu, kile kilichopasuka. Nilikizungushia blanketi jekundu. Wewe ulikuwa umetoka shule Kinampanda siku ile ile, macho yamekuvimba kwa kulia. Hata ningekufungia jiwe la kusagia ungelibeba."

"Baba aliomba azikwe na kigoda chake! Uliniambia mwenyewe!"

"Aliomba. Sikutaka akikalie tena, basi. Hata huko."

Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza kwa nini hakutia chumvi. Kisha akaendelea.

"Wewe ulikuwa ukipakatwa pale juu. Mimi nilikuwa nikiona waliokuwa wakipita mbele yake. Huyu kaleta ng'ombe wa kodi. Huyu wa faini. Huyu kaleta tu, ili asisumbuliwe. Mjomba wako Simoni alificha ndama mmoja, mmoja tu, wa kumnyweshea mwanawe maziwa siku za mbele. Baba yako aliagiza alazwe kifudifudi mbele ya kigoda hicho, akachapwa. Kaka yangu, tumbo moja. Mimi niko ndani nasonga ugali. Walipomaliza, baba yako akaingia, akanawa, akala, akasema mboga haijaiva. Simoni hakusimama wima tena mpaka anaingia kaburini."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungesikia? Ulikuwa ukitembea kijijini kama umemeza mpini." Bi Yustina alikohoa. "Nilikitupa kigoda bandani. Kuku walitaga juu yake miaka yote hii. Lori lilipokuja nikampa utingo. Akaniuliza, mama, hiki cha nini? Nikamwambia cha kukamulia."

"Ulimwambia uongo!"

"Uongo uko wapi? Hakutukamua?"

Jina aliloliishi Marietha maisha yake yote, jina alilowapiga nalo wanaume usoni, mama yake alikuwa amelitupa bandani likanyewe na kuku.

Lakini kiburi hakifi kwa pigo moja. Alijinyoosha.

"Vizuri. Basi waende wakachimbe. Watakuta kinu na mifupa, Bonaventura atashinda, mimi nitalala mahabusu siku moja mbili, nitatoka. Sitamwomba radhi mtu yule."

"Wasichimbe," alisema Bi Yustina.

Sauti ilikuwa nyingine. Marietha aliona mkono wa mama yake juu ya kifungu cha mikuki. Mkono huo haukutikisika alipokuwa akieleza habari za Simoni. Sasa mikuki ilikuwa inagongana.

"Kuna nini, mama?"

"Nenda kamwombe radhi. Mwambie kigoda nilikitoa mimi. Piga magoti akitaka. Wasichimbe pale."

"Mimi nimpigie magoti mtoto wa mchunga mbuzi?"

"Nenda, Marietha!"

Alikwenda. Safari ya kutoka chumba kile mpaka kwenye turubai la chakula ilikuwa fupi, lakini hakuwahi kutembea njia ndefu kama ile. Bonaventura alikuwa mezani kwa wakubwa, mfupa mkononi, mafuta kidevuni. Hakusimama.

"Nimekuja kusema nimekosea," alisema Marietha, macho juu ya kichwa chake.

"Eh?"

"Nimekosea."

"Mwalimu, ungesema kwa ile sauti ya mwanzo. Mheshimiwa hapa hasikii. Na wale wa benchi la nyuma waliocheka, nao hawasikii."

Marietha aliangalia chini. Alimwona mtu akitafuna, aliiona punje ya wali kwenye kola yake, na alijisemea kwamba kama isingekuwa kwa ajili ya mama yake, afadhali angekula ile leso yake kuliko kusema. Kisha akasema, kwa sauti ya darasa la saba:

"Nimekosea. Kigoda kilitolewa na mama yangu mzazi, Bi Yustina. Hakikuzikwa. Kaburi halijaguswa na mtu. Ndugu Bonaventura, nakuomba radhi."

Bonaventura aliuweka mfupa chini. Alifuta vidole, kimoja kimoja.

"Nimekusamehe," alisema.

Marietha alipumua.

"Lakini kaburi litafunguliwa."

"Kwa nini? Si nimekiri mbele ya watu?"

"Umekiri, nimesikia. Hayo ya kigoda yamekwisha." Alisogeza kiti, akamgeukia mgeni rasmi kwa sauti ya asali. "Mheshimiwa, mwalimu amenifumbua macho. Anasema ghala langu halina kitu. Kweli! Mimi nazunguka vijijini kuokota vinu na vibuyu, na kumbe chini ya mahame ya Ihanja amelala Jumbe mzima. Watu kama hao walizikwaje? Na bangili zao za shaba. Na shanga. Huyu Mughwai alipewa fimbo na Mzungu, yenye kichwa cha fedha. Wazee wote wanaijua. Iko wapi fimbo hiyo? Si iko naye?"

"Huwezi!" alisema Marietha. "Hilo ni kaburi la mtu!"

"Dakika chache zilizopita ulikuwa tayari kutuonyesha mwenyewe."

Ndugu Fabiano alikuwa na mnofu mdomoni. Aliumeza, akanyanyua kidole.

"Mali ya kale ni mali ya Taifa," alisema. "Nendeni."

Meza nzima iliitikia kwa vichwa. Msomaji, tazama kazi ya mdomo. Asubuhi ile Bonaventura hakuwa na wazo lolote la kaburi. Asingeliwaza mpaka anastaafu, kwa uvivu tu. Marietha ndiye aliyemwita mwizi wa makaburi, akambishia, akamtukania baba yake, na sasa amemtengeneza mwizi kamili, mwenye polisi, gari na baraka za Dodoma.

Alimkuta mama yake amekwisha kufika kwenye Landrova, amesimama kwenye kivuli chake. Sajini Mathayo alikuwa akipakia majembe. Bonaventura alikuwa akihimiza mtu amletee magunia matupu ya kutilia vitu.

"Amekataa," alisema Marietha. "Anataka fimbo ya fedha."

"Fimbo iliuzwa," alisema Bi Yustina. "Alikwenda nayo akaiuza."

"Alikwenda nayo nani? Wapi? Mama, niambie sasa hivi. Ndani ya lile kaburi mna nini?"

Bi Yustina aliangalia huku na huku.

"Beberu."

Marietha alishusha pumzi kwa hasira. "Najua wanavyomwita. Kibaraka, beberu, mnyonyaji. Hata watoto darasani wananisemea nyuma ya mgongo. Nakuuliza kitu kingine mimi!"

"Mbuzi, Marietha. Beberu wa mbuzi, mwenye pembe na ndevu. Tulimchinja mimi na Simoni. Tukamkunja katika ngozi ya ng'ombe pamoja na magogo mawili ya kumrefusha, tukashona. Watu tukawaambia ni ndui, asifungue mtu. Nani angefungua ndui?"

Marietha alisikia maneno. Aliyasikia yote. Yalikuwa yamesimama mbele yake, hayaingii.

"Mimi nililia pale," alisema.

"Ulilia."

"Nililala juu ya udongo. Walinivuta kwa nguvu."

"Nilikuwapo." Bi Yustina hakumtazama. "Baba yako alikuwa amekwisha kuondoka kwa miguu kwenda kutafuta reli. Ng'ombe wa kodi walikuwa hawajulikani waliko, na watu wa serikali mpya walikuwa wanakuja kumchukua. Hakutaka kusimama mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwasimamisha. Alinipigia magoti. Yeye, mwenye kigoda! Akaniambia, Yustina, nizike. Nikamzika."

"Na mjomba Simoni alikubali kumsaidia mtu aliyemvunja mgongo?"

"Simoni alifurahi. Ndiye aliyechagua mbuzi. Alitafuta aliyekuwa ananuka kuliko wote."

"Baba yuko wapi sasa? Yuko hai?"

Honi ililia. Bonaventura alikuwa amekaa mbele, magunia mapajani, uso umeng'aa.

"Mwalimu! Bibi! Pandeni, jua linakwenda!"

"Panda gari," alisema Bi Yustina.

Walipanda nyuma, mama upande mmoja, binti upande mwingine, majembe katikati yakigonga sakafu kila gari liliporuka kwenye shimo. Vumbi liliingia kila mahali. Bonaventura aligeuka mara kwa mara kuzungumza.

"Nitajenga kabati la kioo," alisema. "Mlangoni kabisa. Mgeni akiingia, kitu cha kwanza anakutana na Jumbe. Mifupa tutaipanga kitaalamu. Niliona Ulaya wanavyofanya."

Marietha alifumba macho, akaliona kabati. Akaona pembe. Akaona ndevu. Akaona kibao, rangi nyekundu, maandishi makubwa ya Bonaventura: BEBERU WA IHANJA. Ungecheka mkoa mzima. Wangecheka mpimaji, karani wa ushirika na yule daktari mwenye pikipiki. Watoto wa darasa la saba wangelia kama mbuzi kila anapogeukia ubao. Na mama angepelekwa jela uzeeni, kwa kumficha mtu aliyetakiwa na serikali.

Walipita kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, watu wamesimama milangoni kulitazama gari la polisi. Kisha gari likaacha barabara, likaingia kwenye mahame. Kuta za udongo zilikuwa zimeanza kuyeyuka kwa mvua. Minyaa iliyokuwa ua wa boma la Jumbe ilikuwa imekua ovyo mpaka kuziba macho. Hapo njia iligawanyika.

Sajini Mathayo alipunguza mwendo. "Mwalimu, wapi?"

Kulia kulikuwa boma la baba yake, na lile kaburi.

Kushoto, nyuma ya kichaka cha minyaa, ilikuwa nyumba ya mjomba Simoni. Naye alizikwa pale pale uani, kaburi la mawe, halina jina wala msalaba. Mtu mzima, mifupa ya mtu. Wangechimba, wangekuta mtu, wasingekuta fimbo wala bangili. Bonaventura angenuna, angebeba fuvu moja kwenye gunia lake akaliandike Jumbe, na mambo yangekwisha. Maiti hasikii maumivu. Simoni alikuwa mtu mnyenyekevu, hakuwa na makuu. Nani angemjali Simoni?

Wazo hilo lilimjia jepesi kabisa. Hata yeye mwenyewe lilimshtua kwa wepesi wake.

"Kushoto," alisema Marietha.

Sajini alikata usukani.

"Kulia," alisema Bi Yustina.

Gari lilisimama ghafla. Majembe yaliteleza mpaka miguuni pao. Sajini aligeuka.

"Kina mama, elewaneni. Kushoto au kulia?"

"Kushoto," alisema Marietha haraka. "Mama ni mtu mzima, ameanza kusahau. Tangu tuhame hajarudi huku."

Bi Yustina alimtazama bintiye. Marietha aliyajua macho yale. Alikuwa ameyaona alipokuwa mtoto, kutoka pale alipopakatwa, yakimtazama mtu aliyekuwa akimpakata. Wakati ule alidhani mama ana wivu.

Mama alisema kwa Kinyaturu, kwa kunong'ona, ili waliokaa mbele wasisikie:

"Simoni alilazwa chini mara moja kwa ajili ya yule mtu. Halazwi tena."

"Watakufunga, mama," Marietha alimjibu kwa Kinyaturu vilevile. "Watakufunga, watatucheka mpaka tufe. Nakuomba."

"Wacheke."

Alifungua mlango, akashuka. Alivuta jembe moja kutoka nyuma ya gari, akaliweka begani kama anakwenda shamba, akashika njia ya kulia. Hakugeuka.

"Bibi anajua!" Bonaventura aliruka chini, magunia chini ya kwapa. "Mnaona? Wazee ndio makumbusho yenyewe! Sajini, mfuate, mfuate!"

Sajini Mathayo alichukua majembe yaliyobaki. Alisita kidogo mlangoni.

"Mwalimu, wewe hushuki? Si ni baba yako?"

Marietha alikuwa ameshika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili. Ng'ambo ya minyaa alisikia Bonaventura akiuliza kichwa kiko upande gani na miguu iko upande gani, na mama yake akimjibu kwa heshima zote kwamba apige hapo hapo aliposimama.

"Mwalimu?"

Pigo la kwanza la jembe lilisikika kabla hajapata la kumjibu.